Mahindi yako ndani, deni liko mlangoni: niuze au niweke?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi kijijini wilaya ya Nachingwea. Mwaka huu tumepata magunia 14 ya mahindi. Mbaazi bado ziko shambani, nategemea gunia tano au sita, na tuna ekari mbili za mikorosho. Mwaka jana tuliuza karibu mahindi yote mwezi wa sita kwa 50,000 gunia. Ilipofika Januari tukawa tunanunua debe moja moja, na nikipiga hesabu gunia lilinifikia kama 85,000. Sasa hivi tunahitaji 350,000 za kupuliza mikorosho na kulipa deni la dukani. Mume wangu anasema tuuze tu, mdudu atayamaliza. Dada yangu wa Masasi anasema niyapeleke ghalani nipewe stakabadhi, benki wanakopesha kwa karatasi hiyo. Jirani yuko tayari kutupa 200,000 leo tumlipe kilo 200 za korosho mwezi wa kumi. Na ile mifuko ya plastiki watu wanasema inaozesha mahindi. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, hongera kwa mavuno na pole kwa Januari ile. Swali lako nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililiona ni swali la mdudu. Mara ya pili nikaona mdudu ni mdogo tu humo ndani, mkubwa wake ni hizo 350,000.

Katika miaka yangu ya kuzungukia vijiji vya Lindi na Mtwara kwa kazi hii ya hifadhi ya mazao, sijakutana na mkulima asiyejua kwamba Januari mahindi ni ghali. Wataalamu wengine huja na semina ya siku mbili kumweleza mtu jambo ambalo tumbo lake linamweleza kila masika. Watu wanauza Juni kwa sababu kuna mtu mlangoni anadai, mikorosho inasubiri salfa, ile dawa ya kupulizia, na mara nyingine kuna mtoto wa kutoka unyagoni. Kila gunia unaloliacha ndani ni fedha uliyokataa kuichukua leo. Kama fedha hiyo unaihitaji leoleo, itabidi uikope mahali, na bei ya mkopo huo ndiyo itakayoamua kama kuweka mahindi kuna maana.

Tuanze na chakula, kwa sababu hapo hakuna ubishi. Watu sita mkila ugali wa mahindi, na siku nyingine muhogo au wali, magunia saba yatawasogeza karibu na mavuno mengine. Hayo saba usiyaingize kwenye mazungumzo ya kuuza. Hasara yenu kubwa ya mwaka jana ilikuwa kununua kwa 85,000 mahindi mliyouza wenyewe kwa 50,000. Ni mikopo michache ya halali yenye riba ya kuumiza kama hiyo.

Yanabaki saba mengine. Ukiyauza yote kwa 50,000 unapata 350,000 kamili, haja imekwisha. Si dhambi kufanya hivyo. Lakini tuangalie njia ya pili. Uza manne, upate 200,000. Toa 45,000 ununue mifuko tisa ya kuhifadhia, ile inayozuia hewa, kwa makadirio ya 5,000 kila mmoja (bei ya dukani kwenu uiulize mwenyewe). Mitatu ni ya magunia matatu yanayobaki ya kuuza, sita ni ya chakula. Gunia la kwanza mtakalokula Julai na Agosti halihitaji mfuko. Unabakiwa na 155,000, na kufikia 350,000 unahitaji mkopo wa kama 200,000, utakaoulipa mbaazi zikishauzwa.

Sasa upande mkopo huo kwenye mizani. Tuseme kikundi chenu cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kinatoza asilimia 3 kwa mwezi. Miezi minne ni 24,000. Magunia matatu yakipanda kutoka 50,000 hadi 85,000, umepata nyongeza ya 105,000. Ondoa mifuko mitatu 15,000, ondoa kama 5,000 za punje zitakazopotea, ondoa riba. Unabaki na 61,000, na Januari una 255,000 mkononi wakati wenzako wanahangaika na sare za shule.

Sasa mkopo uwe ule wa jirani. Amekupa 200,000, umempa kilo 200 za korosho. Kama mnadani mkulima atapata 2,000 kwa kilo baada ya makato, umemlipa 400,000. Riba yake ni 200,000 kwa miezi minne, yaani asilimia 25 kila mwezi. Ile faida yako yote ya 105,000 ameimeza, na bado amechukua karibu kiasi hicho tena kutoka mfukoni mwako. Mikopo ya mjini wanayoiita kausha damu haimzidi kwa mbali. Hiyo ndiyo kangomba, dada, yaani kumnunulia mkulima korosho kichochoroni kwa bei ya kutupa, hata kama haikuja na bakuli la kupimia. Kununua korosho kwa mtindo huo nje ya mfumo rasmi ni marufuku, lakini mimi si polisi, na wanaoingia humo siwaiti wajinga. Wanalipa gharama ya kukosa pengine pa kukopa. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kukubali, uitamke kwa sauti mbele ya mumeo: tunauza korosho kwa 1,000 kilo. Kama mkishaisikia bado mnaitaka, basi mmeamua mkiwa macho.

Kuna jambo lingine la kusema wazi. Bei ya mahindi haijaapa kupanda. Siku hizi barabara ni lami kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, na Ruvuma wakivuna vizuri malori yao yanashusha mahindi hapa kwetu wakati wowote. Gunia likipanda kwa 15,000 tu, ile hesabu yangu ya mkopo wa asilimia 3 inakuachia kama 1,000, yaani umefanya kazi ya bure, ila mifuko unayo ya msimu ujao. Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwezi, unahitaji bei ipande kwa zaidi ya 33,000 kila gunia ndipo uanze kuona faida. Kwa hiyo kama huna pa kupata mkopo wa riba ndogo, uza hayo saba yote bila kuona haya, ubaki na saba ya chakula.

Uza kwa kilo lakini, kwenye mzani. Mnunuzi anayekuja na gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, anakuchukulia ndoo nzima bure. Sheria ya vipimo haimruhusu kukufungashia zaidi ya kilo 100.

Sasa hadithi ya dada yako wa Masasi. Hajakudanganya, ila amekuchanganyia mambo mawili. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na sisi huku kusini tulianza kuiona kwa macho kwenye korosho ya Mtwara msimu wa 2007/08. Wazo lake la asili ni lilelile alilokueleza: mkulima anaweka mazao kwenye ghala lenye leseni, anapewa stakabadhi, na stakabadhi ina hati ya umiliki na hati ya rehani. Hati ya rehani unampa mkopeshaji, anakupa sehemu ya thamani, bei ikipanda unauza, unamlipa, chenji yako. Safi kabisa.

Kinachofanyika kijijini kwako ni tofauti kidogo. Mazao yanayopita ghalani kwetu ni korosho, ufuta, mbaazi na mengine ya biashara. Unapeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, yanapimwa, wewe unapewa karatasi ya mzani yenye jina lako na kilo zako. AMCOS inakusanya ya watu wote na kuyafikisha ghala kuu, na stakabadhi ya ghala inatoka kwa mzigo huo wa pamoja. Kisha chama kikuu cha ushirika, kwenu ni RUNALI, kinapeleka mzigo mnadani, siku hizi kupitia mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Wakulima wakikubali bei, mnunuzi analipa, fedha inakuja kwenye akaunti yako ikiwa imeshakatwa makato. Kwa hiyo karatasi iliyo mkononi mwako ni ushahidi kwamba unadai. Benki haitaichukua kama rehani. Kwa mazao yetu mfumo huu umekuwa njia ya kuuza kwa pamoja zaidi kuliko njia ya kuweka na kukopa.

Wazee wa korosho wanakumbuka enzi nyingine, malipo ya kwanza, ya pili, na nyongeza iliyoitwa majaliwa. Zamani hizo AMCOS ndiyo ilikopa benki, ikamlipa mkulima sehemu ya fedha siku anapopima, na iliyobaki ikaja baada ya mnada. Mkopo ulikuwepo, lakini riba ilikuwa ya mkulima na maamuzi yalikuwa ya wengine. Bei ya mnada ilipoanguka, malipo ya pili yakawa shubiri. Liwale mwaka 2013 watu walichoma nyumba kwa hasira hiyo. Nakueleza haya usije ukaona mkopo juu ya mazao ni zawadi. Mwenye mazao ndiye anayebeba bei ikishuka.

Mahindi yako utakayoyabakiza, kwa hiyo, yaache nyumbani. Hayana mnada hapo kwenu, na gharama ya kuyasafirisha hadi ghala kubwa na kuyarudisha itakula yenyewe faida unayoifukuzia.

Mbaazi ni habari nyingine, hizo zipeleke AMCOS, wala usizishikilie sana. Mahindi hupanda bei kwa njaa yetu wenyewe, lakini bei ya mbaazi hupangwa na India. Mbaazi zetu zinatoka Agosti na Septemba wakati wao hawajavuna, na huo ndio upenyo wetu. Kuanzia Desemba na kuendelea za kwao zinaingia sokoni, upenyo unafungwa. Na ukifungwa kwa amri ni balaa zaidi: Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi kutoka nje, na watu huku kwetu waliziacha shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Ndiyo maana nakuambia mkopo wa 200,000 na si 500,000. Gunia tano za mbaazi zitaubeba hata bei ikiwa ya kusikitisha. Zianike vizuri, zipepete, na uziangalie kwa karibu: ukiona vidoa vyeupe vimegandia ngozi ya punje, hayo ni mayai. Huyo mdudu alianzia shambani, na kila wiki utakayokaa nazo ndani anakutoboa.

Sasa mume wako na mdudu wake. Shemeji ana haki ya kuogopa. Dumuzi, mdudu mtoboaji wa mahindi, hana mchezo. Ni mgeni, katokea Amerika ya Kati, aligunduliwa Tabora kama miaka arobaini na kitu iliyopita, na sehemu nyingine za nchi walimpa jina la Scania. Ukitaka kumtambua, mlaze kiganjani: ni kama kipande cha msumari mdogo wa rangi ya kahawia nyeusi, na ukimtazama kutoka juu unadhani hana kichwa, maana amekiinamisha chini ya mgongo. Fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, yeye ana mdomo mrefu kama mkonga. Ukiona unga mwingi chini ya gunia, ni dumuzi. Anapenda mahindi yakiwa kwenye gunzi, kwa sababu punje imeshikwa haitikisiki, anatoboa kwa raha. Kwa hiyo usiweke magunzi ukanyunyizia dawa juu juu. Pukuchua kwanza.

Mfuko wa kuzuia hewa, kama ule wa PICS, una mifuko miwili ya nailoni ngumu ndani na kiroba cha nje. Hauna dawa yoyote. Mdudu aliyefungiwa humo anapumua kama wewe, anamaliza oksijeni iliyomo, na akishaikosa anaacha kula. Ajabu yake ni kwamba mdudu wa ghalani hanywi maji, maji yake anayatengeneza mwilini kutokana na chakula na hewa hiyohiyo. Akikosa hewa anakauka.

Je, inaozesha? Mfuko hauozeshi, unyevu ndio unaoozesha, na mfuko unakuzuia kuuona. Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka mmoja nilifunga magunia manne nyumbani kwangu kwa haraka, nina safari, mvua imenitishia nikajiambia yamekauka. Novemba nilipofungua la kwanza harufu iliyotoka ni ya togwa iliyochacha, na punje za katikati zilikuwa zimeshikana bonge lenye ukungu wa kijani. Manne yote nikayafukia. Kuku sikuwapa, na wewe usiwape: ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo kabla ya kufunga, fanya kipimo cha chumvi. Kausha chumvi kikaangoni, iache ipoe. Chukua chupa kavu ya plastiki yenye kifuniko, weka mahindi kufika robo au theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi. Chumvi ikidondoka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Lakini kwa mfuko tunataka usizidi 13.5, kwa hiyo hata chupa ikikubali, ongeza jua la siku nzima. Anika juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, na jioni ingiza ndani, maana umande wa usiku unarudisha kile jua lilichokitoa.

Wakati wa kujaza, shindilia kwa mkono hewa itoke, acha shingo ndefu ya mfuko wa ndani, isokote mpaka iwe ngumu kama kamba, ikunje, ifunge kwa mpira wa baiskeli iliyokufa. Fanya hivyohivyo kwa mfuko wa pili, kisha kiroba cha nje. Kabla hujajaza, puliza mifuko uone kama inavuja. Tundu moja linatosha kuharibu kazi. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na paka mzuri asikosekane, panya ndiye adui wa kweli wa mfuko huu. Usifungue fungue. La chakula likishafunguliwa, lile lile liliwe mpaka liishe ndipo mguse jingine.

Ukikosa mifuko, dawa ya vumbi iliyosajiliwa kwa mahindi ya ghalani inafaa, ukichanganya na punje zote kwa kipimo cha kwenye pakiti. Dawa ya mikorosho usiiguse kwa kazi hii, hata ikibaki. Na vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, ambavyo wengine huuza kimyakimya sokoni, visiingie nyumba wanamolala watu. Vinaua familia usingizini.

Mkopo sasa utautafuta wapi? Anza na VICOBA au SACCOS unayoijua, uulize riba kwa mwezi na siyo "kwa mkopo", maana asilimia 10 ya miezi mitatu na asilimia 10 ya kila mwezi ni vitu viwili tofauti. Kama mna kikundi cha akina mama kilichosajiliwa, halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, isiyo na riba, ila haiji kwa wiki moja, hiyo ni ya kupanga kwa mwaka ujao. Na kabla ya kukopa chochote, punguza hitaji lenyewe. Mwenye mashine ya kupulizia anaweza kukubali nusu sasa na nusu Oktoba. Hakikisha pia mmesajiliwa kama wakulima wa korosho, kwa sababu salfa na viuatilifu vya ruzuku vinatoka kwa waliomo kwenye daftari.

Mambo mengine hayaamuliwi kwa maandishi, yanahitaji mtu afike. Ukiona unga tayari uko chini ya magunia, au punje zenye rangi ya kijani na harufu, mwite afisa ugani wa kata aje aone kabla hujafunga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele pale Mtwara nao wako kwa maswali ya korosho na ufuta. Mbaazi zikishapimwa na fedha ikachelewa kuliko ya wenzako wa mnada huohuo, anza kwa karani wa AMCOS uangalie namba ya akaunti. Mara nyingi tatizo ni tarakimu moja iliyokosewa au akaunti iliyolala kwa kutotumika. Isipotatuka, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya ukiwa na karatasi ya mzani, na nakala yake uwe umeipiga picha kwa simu siku ileile uliyopima.

Msalimie shemeji. Mpe yeye ile chupa ya chumvi aitikise mwenyewe.